Viti vya Upande wa Bibi Harusi

Mkwe, mama yake bwana harusi, alisema mara moja tu na hakurudia. Siku ile ya kupanga mambo ya harusi, baada ya kila mtu wa upande wake kutaja atakachobeba, huyu chakula, yule muziki, yule gari la maharusi, aligeuka akawatazama wazazi wa binti walivyokalia ukingo wa kochi kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Akasema, "Nyie wenzetu leteni viti. Hilo naona mnaliweza. Ila mfike mapema."

Viti walikuwa navyo. Ndiyo kazi yao, kukodisha viti na maturubai, na mtaani kwao watu walishasahau majina yao ya kuzaliwa, wakawa Baba Viti na Mama Viti tu. Neno lililomkwama Mama Viti kooni ni hilo la mapema. Siku ile yenyewe walifika kwa mkwe jua limeshazama, vikombe vya chai vimeshaoshwa na kufunikwa, na binti yao amekaa peke yake kwenye kona akiutazama mlango. Walichelewa kwa sababu Baba Viti aliona njiani mtu anasukuma gari, akashuka kumsaidia. Gari likawaka, mwenye gari akawapakia kwa shukrani, na walipokuja kuuliza wakakuta anaelekea kwingine kabisa. Baba Viti aliona aibu kumwambia asimame, maana mtu mwenyewe alikuwa na furaha.

Ndivyo alivyokuwa. Mzuri kwa watu wote, na mzigo kwa mke wake. Tena alikuwa na ugonjwa ambao kazi ya viti ilikuwa imemtia mwilini: hakuweza kuona mtu amesimama. Akiingia ofisi ya watu ataanza kutafuta kiti cha mtu asiyemjua. Akienda kwenye mkutano atafika mapema kuliko waliouitisha, anyooshe safu, ageuze viti vilipe jua mgongo, halafu akae nyuma kabisa aangalie migongo ya watu kwa raha, kama mkulima anayeangalia mahindi yake.

Juma zima Mama Viti aliosha viti. Alivisugua kwa sabuni na mchanga laini, akavianika, kisha akachukua brashi na rangi nyekundu akapitia upya lile ua dogo alilochora nyuma ya kila kiti ili visichanganyike na vya watu. Vilikuwa viti vya plastiki vyeupe kama vya kila mahali, lakini ua lile lilikuwa mkono wake. Binti alipiga simu kutoka kwa shangazi yake, mtaa mmoja na mkwe, alikokuwa ametangulia, akauliza kama viti viko tayari, akauliza tena, mwisho akasema kilichokuwa moyoni.

"Mama, mje mapema. Huku wakwe hawasemi kitu. Wananitazama tu."

"Tutafika kabla hujamaliza kupakwa hina," mama yake akamjibu, na alipokata simu alimwangalia mumewe kwa muda mrefu mpaka Baba Viti akauliza kama ana kitu usoni.

Lori lilikuwa la rafiki ya Baba Viti, dereva ambaye wote walimwita Moja kwa Moja, kwa sababu kila safari aliianza kwa kutangaza kwamba leo ni moja kwa moja, hatusimami popote. Hakuna aliyewahi kusafiri naye bila kusimama. Lori alilitoa bure, zawadi yake ya harusi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Gari la kukodi unalisemesha unavyotaka. La rafiki unaliombea.

Wa nne alikuwa Msusi, rafiki ya Mama Viti na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alikuja na mfuko mkubwa umejaa nywele za bandia, akisema haamini msusi yeyote wa kule waendako, na bibi harusi huyu alimsuka tangu hana meno.

Asubuhi hiyo walipakia viti, turubai, na furushi la kitambaa cha rangi ya waridi cha kupambia meza ya maharusi. Baba Viti alikaa juu nyuma, kwenye mzigo, na koti lake la harusi, ili avilinde viti. Wanawake walibanana mbele na dereva.

"Leo moja kwa moja," akasema Moja kwa Moja, akawasha. "Hatusimami popote."

Walisimama kabla hawajatoka mjini. Dereva alikumbuka kwamba kuna fundi amemtengenezea mlango, na fundi mwenyewe yuko hapo hapo, hatua mbili tu. Hatua mbili zilikuwa mtaa mzima. Fundi hakuwepo, akaitwa, akaja anatafuna, mlango ukaonekana haujapakwa rangi upande mmoja, wakajadiliana. Mwishowe mlango ukapandishwa juu ya viti, na Baba Viti akakaa juu ya mlango. Mama Viti aliuliza kwa upole mlango wa nyumba una haja gani ya kwenda harusini. Dereva akamwambia shemeji, si unajua mambo ya mafundi, ukiuacha leo kesho utaukuta kwenye nyumba ya mtu.

Huko mbele wakakuta daraja limezibwa. Lori la mchanga lilikatika ekseli katikati, mchanga umemwagika, na watu wamekaa juu yake wanapiga soga kama wako ufukweni. Mtu mmoja asiyekuwa na kazi yoyote ya kuongoza magari alikuwa anaongoza magari. Aliwaelekeza njia ya bondeni, akasema ni fupi kuliko hii, tena haina mashimo. Ilikuwa ndefu na ilikuwa mashimo matupu. Mlango uliruka, Baba Viti akaruka nao, na kila waliporuka Msusi aliita kwa dirishani kuuliza kama baba wa bibi harusi bado wanaye.

Mama Viti hakucheka. Alikuwa anapima jua.

Rejeta ilianza kutoa moshi mahali pasipo na duka wala kituo. Palikuwa na nyumba moja kubwa pembeni ya barabara, uwanja wake umejaa watu, na Moja kwa Moja akasema Mungu ana watu wake, pale maji hayakosi. Wakasogea polepole, lori likichemka kama sufuria, likazima lenyewe mbele ya geti.

*

Ulikuwa msiba.

Watu wamesimama juani pande zote, wanaume na mikono nyuma, wanawake wamekaa chini kwenye vumbi na nguo zao nzuri, vikongwe wameegemea ukuta. Baba Viti akashuka kutoka juu ya mlango na uso umembadilika. Akawaambia wenzake kwamba mtu haingii penye msiba akaanza kuomba maji, ni lazima kwanza atoe pole. Mke wake akamwambia basi toa pole moja fupi. Akamshika mkono wa koti na kulirudia neno fupi. Kisha yeye, Msusi na dereva wakachukua madumu, wakateremka kwenye kijito walichoonyeshwa nyuma ya shamba, maana bomba la nyumba lilikuwa na foleni ya wapishi.

Baba Viti aliingia, akashika mikono ya wafiwa, akatoka. Alipotoka alikuta vijana sita wako juu ya lori wanashusha viti.

Walikuwa hawana kosa. Tangu asubuhi walikuwa wanasubiri viti vya chama chao cha kuzikana, simu ya mwenye viti haipatikani, wazee wamesimama, na mara linakuja lori lenye viti na turubai linasimama getini kwao na mtu mwenye koti anashuka na uso wa huzuni. Wangefikiri nini? Mlango waliushusha kwanza, wakauweka juu ya matofali ukawa meza ya kuoshea vyombo.

Hapo mtu mwingine yeyote angesema, jamani, subirini, viti hivi ni vya harusi. Baba Viti alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Lakini macho yalitangulia, akaona wale vijana wanavyopanga. Safu zilikuwa zimepinda kama mkojo wa ng'ombe, viti vinatazama jua, na katikati hawakuacha hata njia ya kupitisha jeneza.

"Siyo hivyo," akasema. "Jua litawapiga usoni. Geuzeni."

Wakageuza. Na ikawa basi tena. Aliwaambia wazee mbele, wenye watoto pembeni karibu na njia. Aliwaonyesha jinsi ya kufunga turubai ili upepo usilibebe. Alivua koti akalitundika kwenye nguzo. Alifunga jicho moja akakagua kila safu kwa kidole, akasogeza kiti hiki kidogo kushoto, kile nyuma kidogo, akamshika bibi mmoja kizee mkono akamkalisha, na bibi akatoa pumzi ndefu ambayo Baba Viti aliisikia mpaka tumboni.

Mama Viti alipotokea na dumu kichwani aliona maua yake mekundu, safu baada ya safu, yamenyooka kuliko alivyowahi kuyaona, na juu ya kila ua mgongo wa mtu aliyefiwa.

Alitua dumu taratibu. Hakupiga kelele, kwa kuwa penye msiba hapapigwi kelele za namna hiyo. Alimwendea mumewe, wakasimama bega kwa bega kama watu wanaoomboleza, wakagombana kwa minong'ono huku wamekunja mikono.

"Hivi ni viti vya nani, baba?"

"Vyetu."

"Vilikuwa vinakwenda wapi?"

"Mama, walikuwa wanavipanga vibaya."

Mama Viti akafumba macho. Katika miaka yote ya ndoa alishasikia sababu nyingi kutoka kwa mume huyu, na hii aliijua kuwa ni ya kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kwa mbali, kichwani mwake, aliona uwanja mwingine, na mkwe amesimama katikati yake hana pa kukaa, na binti yake na hina mikononi anautazama mlango.

Akasema atakwenda kuwaambia mwenyewe. Akajifunga khanga vizuri, akapita katikati ya safu, akafika mbele alipokaa mjane. Sentensi alikuwa nayo tayari mdomoni, ya adabu kabisa. Kabla hajaitoa, mjane alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nyie ndio wa viti? Mungu awaweke. Mama mkwe wangu ana miguu mibovu. Tangu alfajiri alikuwa chini."

Akaonyesha kwa kidevu. Bibi yule aliyekalishwa na Baba Viti alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa kimeangukia mgongo wa kiti, mdomo wazi, mikono imeshika pande zote mbili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Pole sana," akasema Mama Viti. Akarudi alikotoka na sentensi yake.

Shughuli ikaendelea. Msemaji wa familia, aliyekuwa anatafuta namna ya kuvuta muda mpaka watu wa chama wafike, akatangaza kwamba kuna mgeni ametoka mbali sana na viti, na haitakuwa vizuri aondoke bila kusema neno. Baba Viti akasukumwa mbele. Alisimama kando ya jeneza, akatazama huku na huku.

"Mimi marehemu sikumjua," akasema. Watu wakatikisa vichwa, wakaona ni unyenyekevu. "Lakini nimekuta watu wamesimama juani kwa ajili yake, na hakuna aliyeondoka. Mimi kazi yangu ni viti. Nimeona shughuli ambazo viti vyote viko tayari na watu hawaji. Kwa hiyo..." Akakwama. Akatazama safu ya tatu. "Kwa hiyo naomba yule kijana wa mwisho asogee kidogo, mama nyuma yake haoni. Asanteni."

Msusi alikuwa ameshajifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko kiasi kwamba wanawake wawili walimkumbatia, wakambembeleza, mmoja akamwambia alie tu, ajiachie, yatoke. Akazidi kutikisika. Mama Viti naye akatazama chini na kujiuma mdomo. Wala hakujua mwenyewe kama kilichotaka kutoka ni kicheko au kilio.

*

Lori la chama cha kuzikana lilifika wakati watu wanaimba. Nalo lilikuwa limekwama darajani. Katibu wa chama, mwanamke mwembamba mwenye miwani na mkoba kwapani, aliruka chini akaona watu wote wameshakaa, akauliza nani ameingilia kazi ya chama. Alipoelezwa, alikuwa mwepesi wa kutoa uamuzi: watu wote wasimame, viti vya harusi vitolewe, vya chama viingie, na kila mtu ashike njia yake. Akainua mkono amwite msemaji.

Hapo ndipo Mama Viti alipopata njia ya kurudishiwa viti vyake. Ilikuwa nyeupe mbele yake, na wala asingekuwa yeye aliyeomba. Alitazama mbele. Bibi bado amelala. Mjane amemwegemea kidogo.

Akaushusha ule mkono wa katibu kwa mkono wake.

"Usiwasimamishe," akasema. "Tupe sisi vya kwenu. Vyetu mtatutunzia mpaka kesho."

Katibu akamtazama kama ameombwa figo. Akasema katiba ya chama iko wazi, viti hivi ni vya msiba, havijawahi kwenda harusini, na wanachama wakisikia itaitishwa kikao.

"Basi na mimi nina msiba," akasema Mama Viti. "Nikichelewa leo, huyu mume wangu namzika jioni hii hii. Na utalazimika kuniletea viti."

Msusi akaanza tena kulia ndani ya mtandio. Katibu alimtazama Baba Viti, ambaye wakati huo alikuwa amechuchumaa anakitilia kokoto kiti cha mzee mmoja kisicheze. Akamtazama sana. Kitu fulani kikalegea nyuma ya miwani yake, akasema vichukueni, ila visirudi na masizi.

Malori yakarudishwa nyuma mkia kwa mkia, viti vikavuka, turubai likaachwa lilivyofungwa. Rejeta ikashiba maji. Mlango wa Moja kwa Moja ulikuwa na sufuria tatu juu yake na wanawake wanne wanaosugua, akauzunguka mara mbili, akakosa pa kuanzia, akauacha, akapanda kwenye usukani.

Walikuwa wameshaondoka ndipo Mama Viti, aliyepanda nyuma safari hii ili awe karibu na mumewe amsute vizuri, alipoona kilichoandikwa migongoni mwa viti. Kila kimoja, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa za kuonekana kutoka barabarani: CHAMA CHA KUZIKANA.

Baba Viti aliona anachoona mkewe. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwandiko wenyewe ni mzuri.

Mama Viti akagonga kibanda cha lori, akamwita Msusi apande. Kitambaa cha waridi cha meza ya maharusi kilifunguliwa humo humo njiani, kikachanwa kwa meno na mikono, vipande vya kutosha kuziba maneno. Lakini plastiki inateleza, kila kilichofungwa kilichomoka kwenye shimo lililofuata, na kamba hawakuwa nayo. Msusi akatazama vipande vinavyopepea, akatazama mfuko wake. Akatoa fungu la kwanza la nywele za bandia.

Alifunga kama anavyosuka. Vidole viwili vinashika, kimoja kinapitisha, anavuta, anamaliza kwa kifundo ambacho alisema mume wa mtu alishawahi kukifungua kwa mkasi. Lori lilirushwa na mashimo, yeye amepiga magoti kati ya viti, anasema ametengeneza vichwa vingi vigumu lakini hivi vya leo angalau havisemi vinaumia. Mama Viti anamwekea kitambaa, Baba Viti anapokea kiti kilichokwisha na kukipanga. Nyuma ya kila kiti pakabaki mkia wa nywele, mrefu, unaning'inia. Nywele za rangi nyeusi zilipokwisha, zikaingia za rangi ya shaba.

"Sasa bibi harusi utamsuka na nini?" akauliza Mama Viti.

Msusi alisimamisha vidole kidogo. Akasema yule ana nywele zake mwenyewe, alizipata kwa mama yake, zinatosha.

*

Walifika wageni wameshaanza kuja. Hawakuwa wamechelewa, ila mapema haikuwa. Mkwe alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mwanamke mrefu, amevaa hariri ya rangi ya majivu, na watu wake wamemzunguka na wao wamesimama. Alilitazama lori lilivyoingia na vumbi la bonde zima. Alimtazama Baba Viti, shati limechafuka, koti halipo. Lilibaki kwenye nguzo ya turubai.

"Tulishaanza kufikiria kukaa chini," akasema.

Baba Viti hakumsikia, kwa sababu alikuwa ameona watu wamesimama. Alishuka na viti vinne kila mkono. Vijana wa upande wa pili, waliokuwa wamekunja mikono kumwangalia mzee wa viti, walijikuta wanaamrishwa, wanabeba, wanarudi mbio kubeba tena. Kabla hata spika hazijajaribiwa uwanja ulikuwa umenyooka, jua liko mgongoni mwa watu, na njia ya maharusi imepita katikati kama imechorwa kwa rula. Wageni walikaa. Wakaanza kugeuka kushika ile mikia ya nywele. Shangazi mmoja wa bwana harusi akasema huo ndio mtindo wa kisasa, ameuona mahali. Mwingine akauliza ni bei gani kwa kiti. Msusi akamtajia bei bila kupepesa.

Binti alitoka. Alisimama mlangoni na hina mikononi, akatafuta kwa macho, na safari hii hakulazimika kuutazama mlango kwa muda mrefu, maana baba yake alikuwa mbele kabisa, ameinama, anakitilia kokoto kiti chake cha maharusi. Alicheka mpaka shangazi akamfuta macho asiharibike.

Mama Viti alitaka kukaa nyuma na mumewe, lakini mkwe alimwita, akapapasa kiti cha pembeni yake. Akaenda akakaa mgongo wima. Muziki ukaanza. Mkwe hakumtazama, alikuwa amepeleka mkono mmoja nyuma ya kiti chake, na vidole vilikuwa vinatembea juu ya kitambaa cha waridi polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma gizani.

Mama Viti akaanza kusema kwamba mkwe, ngoja nikueleze, njiani kulikuwa na daraja.

"Kinabana paja la kushoto," akasema mkwe. "Vyote vya chama kile vinabana paja la kushoto. Nimekijua nilipokaa tu."

Mbele yao mwanawe, bwana harusi, alikuwa anatembea vibaya kwa furaha.

"Tulipomzika baba wa huyu kwao bondeni nilikaa kwenye kiti hiki siku tatu. Au kwenye ndugu ya kiti hiki. Nilikichukia kiti hiki kuliko kitu chochote duniani." Akavuta mkia wa nywele za rangi ya shaba akauleta mbele, akautazama mkononi. Mdomo ukaanza kumcheza. "Sikujua kwamba siku moja kitaota nywele."

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha mtu mwenye hariri. Kilitoka kama chafya, na watu wa upande wake wakageuka wote kwa mshangao, maana hawakuwa wamekisikia tangu zile siku tatu za viti vilivyobana. Mama Viti alijizuia, akashindwa. Wakwe wawili wakashikana mabega wakatikisika, na wanawake wa safu ya nyuma wakaona ni machozi ya harusi, wakapiga vigelegele.

Baadaye, wakila, Mama Viti alimweleza yote, mpaka bibi aliyelala mdomo wazi. Mkwe aliuliza swali moja tu, kama bibi alipata kuamka vizuri. Kuhusu kufika mapema hakusema tena, siku hiyo wala nyingine.

Kesho yake asubuhi viti vilipakiwa kurudishwa bondeni. Mikia ya nywele ilikatwa kwa mkasi, kwa kuwa Msusi alikuwa amesema kweli kuhusu vifundo vyake. Mkwe alitokea getini amejifunga khanga mbili na viatu vya kutembelea, mkononi ana kikapu kimefunikwa. Akasema hawezi kusikia kuna mfiwa pale chini asiende kumpa pole, tena kwa viti vile vile. Akapanda mbele, Msusi akasukumwa katikati, Mama Viti akaenda nyuma kwa mumewe.

"Moja kwa moja," akasema dereva, akawasha. "Leo hatusimami popote, mama. Nina mlango wangu kule."

"Vizuri," akasema mkwe, akiweka kikapu mapajani. "Ila kabla ya bonde, hapo kushoto, kuna dada yangu. Tupitie mara moja. Hatua mbili tu."